Vidani vya Mama Shela

Kwanza ulisikika mnyororo ukipitishwa kwenye vishikio vya mlango. Halafu kimya kifupi, halafu kufuli likabana. Mama Shela aligonga mbao kwa kidole na kusema, "Haya wifi, ulale salama," kisha viatu vyake vikateremka ngazi za duka kuelekea barabarani. Ndani, Kibibi alijibu, "Na wewe, wifi." Alijibu hivyo kila jioni, hata siku alizokuwa amenuna, maana adabu haina likizo.

Duka lilikuwa la kukodisha magauni ya harusi. Mwenyewe alikuwa mke wa kaka yake Kibibi, mwanamke mnene wa sauti laini, aliyeitwa Mama Shela kwa kuwa hakuna bibi harusi mtaani pale aliyefunikwa uso kwa shela isiyotoka kwake. Nyuma ya duka, ng'ambo ya pazia zito la zambarau, kilikuwepo chumba cha kushonea. Kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia, pasi, birika la umeme, kitanda cha kukunja na choo kidogo pembeni. Dirisha lilikuwa moja tu, linatazama uchochoro, lina nondo, na nyuma ya nondo wavu wa chuma uliotoboka kwenye kona moja. Mlango wa kutokea nje haukuwepo. Aliyetaka kutoka alipita mbele, katikati ya magauni.

Kibibi ni jina alilopewa na bibi yake angali mchanga, likamganda mpaka mvi zikaanza kuchungulia. Alifika dukani na begi moja, baada ya mumewe kumwambia, bila ugomvi wala kupandisha sauti, kwamba ameoa mwingine na nyumba ni ndogo. Kaka yake alikuwa dereva wa malori ya masafa, na kwake hapakuwa na hata pembe ya kutandika mkeka. Mama Shela ndiye aliyesema, "Wifi yangu hawezi kutangatanga na mimi nipo. Kuna chumba dukani." Alimnunulia godoro jipya. Alimletea feni. Alipougua homa, Mama Shela alimkanda kwa kitambaa cha maji kama anavyokandwa mtoto. Kwa hiyo asije mtu akasema mwanamke yule alikuwa na roho mbaya. Ingekuwa hivyo, mambo ya Kibibi yangekuwa rahisi.

Mnyororo ulikuja baadaye, wezi walipovunja duka la viatu la jirani.

"Wiki moja tu, wifi, mpaka hao watu washikwe," Mama Shela alisema. "Magauni ni mali ya watu, na wewe ni mwanamke peke yako."

Wezi walishikwa, mnyororo ukabaki. Kibibi alingoja wifi yake akumbuke, na Mama Shela hakukumbuka, na kila siku iliyopita bila kuuliza ilifanya kuuliza kwenyewe kuwe kuzito zaidi. Mwisho likawa jambo la kawaida, kama jino bovu ambalo mtu amejifunza kutafunia upande wa pili.

Siku moja akaja muuguzi wa kliniki ya jirani kujaribu gauni la harusi yake. Gauni lilikuwa la shingo pana. Kibibi, nyuma ya pazia, alimsikia akinyamaza ghafla, halafu akasema, "Hili sitavaa."

Alikuwa na kovu la upasuaji, limelala shingoni toka upande mmoja hadi mwingine kama uzi mwekundu. Mama Shela akaleta skafu. Muuguzi akajitazama kwenye kioo akasema, "Hapa ndiyo naonekana mgonjwa kabisa."

Kibibi alivuta sanduku la mapambo. Ndani yake mlikuwa na maua ya shanga yaliyokuja tayari kutoka kiwandani, kila ua limeshonewa juu ya kipande cha wavu mwembamba, na majani ya vioo, na matone yanayong'aa, vyote vya kubandikwa kwenye vifua na viuno vya magauni. Alichukua kitambaa kigumu, kile kinachotiwa ndani ya kola, akakikata umbo la mwezi mwandamo. Akapanga ua kubwa katikati, majani yakishuka pande zote mbili, na kila palipobaki pengo akachomeka tone. Hakupaka gundi mpaka alipoupenda mpangilio wenyewe. Kisha akapaka, akakandamiza kwa vidole, akabandika satini nyuma isije ikachoma ngozi, akashonea utepe kila ncha wa kufungia kisogoni. Nje bado walikuwa wanabishana juu ya skafu. Birika alilokuwa ameliwasha lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuchemka.

Akakitoa kwa mkono kupitia upande wa pazia.

Muuguzi alipofungwa kile kidani aligeuka kujitazama. Alikishika kioo kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango usifungwe. Kovu lilikuwa limetoweka, na shingo yake ilikuwa imesimama.

"Nani amefanya hiki?" aliuliza.

"Fundi wangu wa ndani," alisema Mama Shela.

Picha za harusi ile zilisambaa. Wakaja wanawake wasiotaka magauni wala shela, wanataka kidani tu, cha kuvaa na gauni la kawaida na kufanya chumba kizima kigeuke. Mama Shela alinunua kabati la kioo, akaliwekea taa. Na hapo ndipo Kibibi alipoanza kusikia, kutoka nyuma ya pazia, hadithi ambayo yeye hakuijua.

"Hivi havitoki kiwandani, mama," wifi yake alikuwa akisema. "Ni shanga moja moja, kwa sindano. Fundi wangu hukaa na kimoja mwezi mzima, mpaka macho yanamuuma."

Mara ya kwanza Kibibi alicheka kimoyomoyo. Mara ya pili alijaribu kulisema.

"Wifi, lakini haya maua yanakuja yameshashonwa. Mtu yeyote mwenye mkasi na gundi anaweza."

"Najua mimi, na unajua wewe," alisema Mama Shela, akimshika bega. "Inatosha. Mtu akijua chakula kimepikwa haraka, hata utamu haupati."

Juma lile fundi seremala alitoa pazia, akaweka mlango wa mbao nyembamba, na kitasa upande wa duka. Wateja wana macho, Mama Shela alieleza, na mtu akichungulia akaona vidani vinamalizika kabla ya saa ya chai, biashara imekwisha. Kwa hiyo sasa Kibibi alifungiwa mchana kwa kitasa na jioni kwa mnyororo. Chakula kililetwa kwenye sahani iliyofunikwa. Mama Shela aligonga kabla ya kuingia, kila mara, kwa heshima. Kibibi alikuwa akijibu "karibu," na siku moja aligundua kwamba hilo ndilo neno alilolisema zaidi kwa siku nzima.

Kaka yake aliporudi safari alikwenda kumwona. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akizungusha funguo za lori kidoleni, na Kibibi akamweleza.

"Unakula vizuri?" aliuliza kaka.

"Nakula."

"Anakutukana?"

"Hata siku moja."

"Basi, dada. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zenyewe zikiiva, kaka, nitazifikiaje na mimi niko nyuma ya kitasa?"

Kaka alicheka mpaka akafuta macho. Alipotoka alimsimulia mkewe ule mzaha, naye Mama Shela akacheka pia, na kwa muda mrefu wakawa wanausema mezani nyumbani kwao. Hivyo ndivyo malalamiko ya Kibibi yalivyoishia.

Akaamua kuomba mwenyewe. Alingoja asubuhi tulivu, mvua inanyesha, hakuna mteja.

"Wifi, nataka ufunguo wangu. Nitajifungia kwa ndani, komeo lipo."

Mama Shela aliweka chini pini alizokuwa amezibana midomoni.

"Na ukianguka huku ndani, nani atakufungulia?" Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Ufunguo wa nini, wifi? Unataka kwenda wapi?"

Kibibi alifungua kinywa. Akatafuta. Kwa mumewe kulikuwa na mwanamke mwingine. Kwa kaka hakukuwa na nafasi. Mashoga wake wa zamani walikuwa wamehama au wamemsahau. Alijaribu kufikiria hata njia moja ambayo angeishika akitoka mlangoni, kushoto au kulia, na hakuiona.

"Watu watasema nimekufunga," alisema Mama Shela, na sauti ikaanza kumtetemeka. "Mimi niliyekuokota. Fadhila za punda ni mateke, nimeambiwa siku zote, nikasema wifi yangu si wa hivyo."

Akalia. Machozi halisi, yakimwagikia kwenye satini nyeupe. Na Kibibi, aliyekuja kuomba ufunguo, akajikuta amemkumbatia anambembeleza, anamwambia yaishe, hakuwa na nia hiyo. Alirudi ndani kwa miguu yake. Mlango ukafungwa nyuma yake taratibu, ili usibamize.

Hata angeonyeshwa mlango wazi siku ile, huenda asingetoka. Hilo ndilo lililomtisha baadaye kila alipolikumbuka.

Basi ikafika Jumamosi moja. Jana yake mchana Mama Shela alikuwa amekwenda mji mwingine kupokea magauni mapya, akafunga vyote viwili, kitasa na mnyororo, akaahidi kurudi kabla ya kufungua duka. Asubuhi simu ya Kibibi ikalia.

"Gari limetufia njiani, wifi. Fundi anatafuta kifaa. Una mkate?"

"Ninao. Lakini umeme umekatika, na bomba limekauka."

"Vumilia kidogo. Sasa nisikilize. Wale wa vidani vya wapambe watakuja leo. Nitawapigia niwaombe radhi. Wewe kaa kimya. Wakigonga, wadhani tumefunga. Usitoe sauti kabisa, umenisikia?"

"Nimekusikia."

Vidani vinne vya wapambe vilikuwa mezani tangu jana, vipana kama sahani, vya maua ya kijani na majani ya fedha. Kibibi aliketi mbele yake. Bila feni chumba kilikuwa kimeanza kuwa kama ndani ya mkate unaookwa. Maji yaliyobaki kwenye birika hayakujaza kikombe. Aliyanywa, akajuta kuyanywa.

Wakaja. Alisikia vishindo kwenye ngazi za mbele, mnyororo ukitikiswa, sauti za wasichana. Mmoja alikuwa muuguzi yule yule, aliyekuwa anamwoza mdogo wake. Mwingine alikuwa shangazi yao, na sauti yake haikuhitaji simu.

"Hapokei. Mwenye duka hapokei, wala hajatupigia. Harusi saa tisa, watoto wana shingo tupu kama kuku walionyonyolewa."

Wakazunguka hadi uchochoroni. Vivuli vikapita dirishani. Kibibi alijibana ukutani, mkono juu ya kinywa chake mwenyewe. Alijiona alivyo, mwanamke mtu mzima, amejificha watu wasijue kwamba amefungiwa, kana kwamba aibu ilikuwa yake.

Akauondoa mkono.

"Niko humu," alisema.

Uso wa muuguzi ukaja kwenye nondo, ukiwa umekunja macho kuzoea giza.

"Nani?"

"Fundi wa ndani. Wifi yake Mama Shela. Amefunga, gari limemharibikia njiani."

"Amefunga na wewe ndani?"

"Ndiyo."

Shangazi alisogeza uso wake pia. "Mwanangu, hilo tutalizungumza, nalo ni zito. Ila kwanza, vile vinavyong'aa mezani si ndivyo vyetu?"

Ndivyo vilikuwa. Walivitazama kupitia wavu kama watu wanaotazama maji ng'ambo ya ukuta. Kibibi alichukua kimoja akakipeleka kwenye lile tundu la konani. Tundu lilipitisha ngumi tu, na kidani kikishagandishwa hakikunjwi. Alipokilazimisha kidogo, ua la katikati lilibanduka na kuanguka nje, miguuni pa mpambe mmoja.

Msichana aliliokota, akaligeuza. Nyuma ya ua kulikuwa na wavu mwembamba na alama ya gundi, basi.

"Kumbe linakuja zima," alisema.

Kibibi alishika nondo. Aliifikiria biashara ya wifi yake, na kabati la kioo na taa yake. Aliyafikiria yale machozi juu ya satini. Halafu akasema haraka, kabla hajajizuia:

"Linakuja zima. Yote yanakuja mazima. Kidani hakipiti hapa, lakini vipande vinapita. Nipeni mikono, nitawaonyesha. Hamtachelewa."

Shangazi alipanga watu kama mkuu wa jikoni. Ubao mpana kutoka kwa jirani ukalazwa juu ya ndoo mbili, ikawa meza. Kutoka kwenye tundu vikaanza kupita vitambaa vigumu vilivyoviringishwa, maua moja moja, majani, tepe, chupa ya gundi, mkasi kwa mpini. Kibibi aliongea akiwa amebandika paji la uso kwenye wavu.

"Pangeni kwanza bila gundi. Kubwa katikati. Hapana, usiweke mstari kama askari, acha yapandane kidogo. Pengo likikusumbua, chomeka tone. Sasa simameni mbali mtazame. Umependa? Kama hujapenda usibandike."

"Hili langu limekaa upande," alisema mpambe mwingine.

"Liache upande. Sema ndivyo ulivyotaka."

Wakacheka. Mpambe mmoja alijigundisha vidole viwili, shangazi akamwambia sasa ameshaolewa na yeye mwenyewe. Kibibi naye alicheka, na kicheko kilimtoka kwa sauti aliyoisahau. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na vikapu walisimama kuangalia, wakauliza maua hayo yanapatikana wapi. Kibibi akawaambia yanauzwa duka gani. Aliwaambia na aina ya gundi.

Vidani vilipofungwa kwenye shingo za wapambe, havikuwa vimenyooka kama vyake. Viwili vilikuwa vizuri zaidi.

Wakaanza kukusanyika kuondoka. Shangazi alishukuru, akaomba dua, akasema Mungu atamfungulia. Hatua zikaelekea barabarani. Kibibi aliachia nondo, vidole vimebaki na alama ya kutu.

Muuguzi peke yake hakuondoka.

"Na wewe, dada? Unataka kutoka?"

Hakuwahi kuulizwa hivyo. Aliwahi kuulizwa anakwenda wapi, anakula nini, anakosa nini.

"Sina pa kwenda," alisema.

"Sikukuuliza hilo."

Kibibi alitazama chumba, kitanda cha kukunja, cherehani, vidani vyake vinne vilivyobaki mezani.

"Nataka," alisema.

Mchomeleaji wa mtaa wa pili alikuja na msumeno, kwa vile umeme haukuwepo. Alikata mnyororo akinung'unika, kisha akaingia ndani akazungusha kitasa. Kibibi alipita katikati ya magauni meupe, akafika ngazini, na jua likampiga usoni. Akasimama hapo hapo. Muuguzi alimpa chupa ya maji, akangoja amalize yote, akamshika mkono wakateremka. Harusi yenyewe hakuhudhuria. Alilala kwenye kochi la muuguzi mchana kutwa, mlango wazi, watoto wa majirani wakipita.

Mama Shela alifika jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Walikutana kwenye ngazi za duka.

"Umeniua, wifi," alisema. Hakulia safari hii. "Mtaa mzima wanasema kumbe ni gundi."

"Ni gundi, wifi."

"Ungenisubiri tu. Nilikuwa narudi."

"Najua ulikuwa unarudi."

Walikaa bega kwa bega, kama walivyowahi kukaa mara nyingi wakichambua shanga. Mama Shela alikuwa amechoka, na Kibibi alimwonea huruma, lakini hakumkumbatia.

Vidani havikudumu kwenye kabati la kioo. Kila mwanamke sasa alikuwa na chake, alichobandika mwenyewe, na vingine vilichekesha. Kaka aliporudi safari alikasirika, kisha akanyamaza mkewe alipomwambia anyamaze. Kibibi alipata chumba kwenye nyumba ya wapangaji karibu na kliniki. Alikilipia kwa kushona sare za wauguzi, na kwa kuwafundisha wasichana kazi ya mapambo kibarazani. Asubuhi ya kwanza huko alioga, akavaa, akaketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Jua lilipanda. Majirani waliamka, wakafagia, wakaenda zao. Alikuwa ameketi hivyo muda mrefu kabla hajaelewa kwamba anangoja kufunguliwa. Jambo hilo lilimrudia mara nyingi, hata baada ya miezi.

Mama Shela alimtumia ujumbe mvua zilipoanza. Gauni moja lilikuwa limechanika mgongoni na hakuna fundi mwingine anayeiweza ile lesi. Angeweza kuja?

Kibibi alisoma, akaweka simu chini, akamalizia pindo la sare aliyokuwa nayo mkononi. Kisha akajibu kwamba gauni liletwe kwake, yupo mchana wote.